Moto Katika Nyayo za Verediana

Kijijini kwetu, karibu na Kalenga, mtoto akiwa mbishi huambiwa ana kichwa cha Verediana. Wanaosema hivyo wanadhani wanatukana. Mimi ni mtoto wa mdogo wake, Verediana nilimwita mama mkubwa, na kila nikilisikia neno hilo najibu asante. Kichwa hicho ndicho kilichookoa nyumba ya watu, na wenye vichwa laini ndio waliokuwa wanaibomoa.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye hatua ndefu. Mwaka wa sabini na nne serikali ilipotuhamisha kutoka milimani na kutupanga kwenye nyumba za mistari kando ya barabara, wengi wetu tulilia kidogo kisha tukazoea. Yeye hakulia wala hakuzoea. Alikuwa na shamba la mianzi kule juu, kwenye mahame ya nyumba yake ya zamani, na masika ilipoingia alipanda kilima kwenda kugema kama zamani. Ulanzi, yale maji ya mwanzi tunayokunywa, hausubiri mikutano. Ncha ya chipukizi hukatwa asubuhi na jioni, la sivyo kidonda kinafunga na maji yanakoma kutiririka. Kiongozi mmoja alimkuta njiani na mbeta zake, yale mabomba ya mwanzi tunayoyafunga chini ya chipukizi kukingia ulanzi, akamwambia kwamba mahame hayarudiwi, sasa kuna kijiji kipya. "Hamisha na mianzi basi," alimjibu, "nami nitakufuata nyuma." Yule bwana alipita zake.

Mumewe, mzee Kalinga, alikuwa mtu mpole aliyependa amani kuliko ukweli. Nasema hivyo na bado nampenda.

Mwaka uliofuata kifua kilimkamata mama mkubwa. Alikohoa mpaka akatema damu, akalazwa hospitali ya mjini Iringa kwa kifua kikuu. Walimchoma sindano mpaka akawa hakai vizuri kwenye kigoda, kisha wakamrudisha nyumbani na vidonge vya kumeza kila siku kwa muda mrefu. Walimwambia asiache vidonge hata akijiona mzima, ale vizuri, na asiguse pombe.

Hilo la vidonge alilishika kama amri za kanisa. Hayo mengine aliyashika kwa namna ya watu wa kwetu. Kwetu ulanzi ukianza kutoka, jiko la mchana linapoa. Ule mtamu wa asubuhi tunauita mtogwa, hata mtoto anapewa. Uliolala ukachacha ndio mkangafu, na huo unaangusha wanaume. Mtu anakunywa kopo asubuhi, anakunywa jingine mchana, tumbo linajaa na jembe linaendelea. Jioni anamega ugali wa unga wetu mweupe, wa mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa mpaka maji yameondoka na kila kitu cha maana. Ulanzi hatuuhesabu pamoja na komoni na pombe nyingine za nafaka. Ni chakula cha msimu. Na kwa kuwa vidonge vilimkatisha hamu ya kula, mama mkubwa alivisindikiza kwa ulanzi, mtogwa asubuhi na, tuseme ukweli, mkangafu jioni. Kikohozi kiliisha. Alikuwa anapanda kilima tena, na sisi tulisema dawa ni dawa.

Sasa niseme habari za Tusajigwe. Kasian, mtoto pekee wa mama mkubwa aliyebaki hai, alikuwa kibarua kwenye reli ya TAZARA, na huko Mbeya alipata mke, msichana wa Kinyakyusa kutoka Rungwe. Alimleta kwa mama yake akarudi relini. Tusajigwe alikuwa mfupi, mwenye mikono isiyotulia, na alikuja na mapishi ya kwao. Hakuna mboga aliyoiacha bila karanga za kutwanga. Maharage yake yalikuwa mazito mpaka mwiko unasimama. Alipojifungua mtoto wa kike akamwita Verediana, na mama mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha furaha, alimbeba yule somo wake akamzungusha nyumba kwa nyumba.

Lakini Tusajigwe alikuwa na jambo moja ambalo watu wetu hawakulielewa. Kwao, mke haonani na baba mkwe. Hamtazami, hapiti mbele yake, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mke ndiye anayeingia majanini. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Laiti angeolewa wakati tunaishi milimani, ambako nyumba zilikuwa mbalimbali na kila moja ina njia ya nyuma, hakuna ambaye angeona. Kwenye nyumba za mistari, mlango wa mmoja unatazama mlango wa mwenzake. Mzee Kalinga akitokea, Tusajigwe anavuta kitenge usoni na kuzunguka nyuma ya choo. Kijiji kizima kiliona, na kijiji kikaanza kuuliza mtu asiye na kosa anajificha nini.

Miguu ilianza kumsumbua mama mkubwa mwanzoni mwa masika ya mwaka wa sabini na sita.

"Mama Didas," aliniambia, maana Didas ni kifungua mimba wangu, "kuna siafu wananitembea vidoleni, nikiangalia siwaoni."

Siafu wakageuka pilipili, pilipili ikageuka makaa. Shuka likimgusa kidole gumba anaruka. Na ajabu yenyewe ni kwamba miguu hiyo hiyo iliyoungua ilikuwa haijui inakanyaga nini. Siku moja alishuka kutoka kwenye mianzi akiwa na kandambili mguu mmoja tu. Nilipomuuliza nyingine iko wapi, aliangalia chini akashangaa kuliko mimi. Mwiba ulikuwa umeingia kwenye unyayo na damu imeshakauka. Alianza kutembea polepole, miguu mbalimbali, akitazama kila mahali anapoweka hatua, na mwanamke huyo alikuwa na hatua za kupita punda. Baadaye na vidole vya mikono vikaanza kufa ganzi, kile kisu kidogo cha kugemea kikawa kinamponyoka.

Hapo ndipo Matilda alipoingia. Matilda ni dada yake mzee Kalinga, kwa hiyo ni wifi wa mama mkubwa, na alikuwa na sauti ya kuongoza kwaya. Simpendi, lakini sitamsingizia: hakuwa anaigiza, aliogopa kweli. Alikwenda ng'ambo ya mto kwa mganga, akarudi na jibu lililokwisha kupikwa. Verediana ametegwa. Kuna kitu kimezikwa mlangoni, amekiruka, na sasa kinamla kuanzia chini. Na nani anafagia mlango huo kila asubuhi? Nani anajificha mwenye nyumba akitokea?

"Kikulacho ki nguoni mwako, wifi," Matilda alimwambia. "Mimi sina zaidi."

Alikuwa na zaidi. Mganga alisema dawa mbili hazikai tumbo moja, kwa hiyo vidonge vya hospitali viachwe. Na Tusajigwe arudishwe kwao Rungwe. Mtoto abaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Kasian aliitwa aje Pasaka, kikao cha ukoo kikae, mambo yaishe. Mzee Kalinga aliambiwa yote hayo akasema, "Kama mmeona hivyo." Nilitamani kumtikisa.

Mtoto mwenyewe alikuwa bado ananyonya. Tusajigwe alisikia, kwa kuwa hakuna siri katika nyumba za mistari. Hakumlilia mtu. Aliendelea kufagia ule mlango, asubuhi mapema, watu wote wakimwona. Nilimuuliza kwa nini asimwachie mtu mwingine ufagio kwa siku hizi chache. "Nikiacha, watasema nimekiri," alinijibu. "Acha wanione."

Na mama mkubwa? Nisimpambe. Aliogopa. Mtu anayeungua miguu huku hauoni moto ataogopa, hata awe Verediana. Vidonge alikataa kuviacha. "Nilitema damu," alimwambia Matilda, "wewe hukutema. Siachi." Lakini kwenye chakula alilegea. Akaanza kusema hana njaa, kisha akajipikia mwenyewe kwenye kijungu chake, ugali mtupu na chumvi, na ulanzi wa kusukumia. Sahani ya Tusajigwe ilikuwa inarudi ilivyokwenda. Tusajigwe aliipokea kwa magoti, akakaa mlangoni pa jikoni akaila yeye mbele ya kila mtu, ili waone kuwa hafi.

Moto ukapanda. Ulitoka vidoleni ukafika kwenye kifundo, ukatoka kwenye kifundo ukashika muundi. Matilda akasema mnaona, mtego unakaza.

Mchana mmoja wa mvua nilikuwa jikoni kwa mama mkubwa, tumekaa kando ya mafiga, ananisimulia habari za mbuzi wa jirani aliyekula kanga ya mtu. Nikasikia harufu ya ngozi. Kisigino chake kilikuwa kimelala kwenye kichwa cha ukuni unaowaka, na yeye anaendelea na mbuzi. Nikamvuta mguu kwa nguvu. Alikitazama kile kidonda muda mrefu, kisha akafanya kitu ambacho watu wa kijiji kizima hawakukifanya. Akafikiri.

"Mama Didas," akasema, "nilipokuwa nakula kwa huyu binti, moto ulikuwa wapi?"

"Vidoleni."

"Nilipoacha kula kwake ukafika wapi?"

Nikamwonyesha muundi.

"Basi kama ni yeye anayeniunguza, nilipokimbia chakula chake moto ungeshuka. Umepanda. Hawa watu wananifanya mjinga mimi, na nimekubali, nimekaa hapa nimekubali kabisa." Alikasirika kweli. "Kesho tunakwenda mjini."

Mzee Kalinga alisikia akaja mlangoni. "Mama Kasian, mganga amesema usitoke mpaka kikao kiishe."

"Mganga ana miguu yake," mama mkubwa alisema, "na mimi nina ya kwangu."

Tulipata lori la matofali. Sitaisahau safari ile fupi, kila shimo la barabara likimpanda mama mkubwa kutoka nyayoni mpaka kwenye meno, na yeye akikataa kushikwa mkono. Hospitali ilikuwa imejaa. Tulikaa kwenye benchi mpaka tukapokelewa na tabibu mmoja anayeitwa Jailos, mtu wa Mbozi, kijana mwenye miwani na uvumilivu ambao mama mkubwa aliupima mapema sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiniambie ni uzee."

"Sijasema kitu, mama."

"Nimekuwahi."

Jailos alicheka akaanza kazi. Alimfumba macho, akamgusa unyayo kwa pamba. Hakuhisi. Akamgusa kwa ncha ya pini, hakuhisi hadi karibu na goti, ambako aliruka akatukana. Aligonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira, mguu ukatulia tu kama si wake. Alipima mkojo, akasema sukari haipo, maana sukari nayo huharibu miguu hivi. Akamkagua ngozi mgongoni na mikononi akitafuta mabaka yasiyohisi, akapapasa penye kiwiko na nyuma ya goti, akasema ukoma pia haupo. Kisha akaanza kumuuliza habari za chakula.

Mama mkubwa alijibu yote. Ugali, chumvi. Pombe hapana.

"Ulanzi?" aliuliza Jailos.

"Ulanzi ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Wa kutosha."

Jailos alivua miwani akaifuta kwenye koti. Akamweleza taratibu, bila kumdharau. Mwilini kuna mishipa ya damu, na kuna mingine ya fahamu. Hii ya pili haibebi damu, inabeba habari. Ndiyo inayompelekea mtu habari kwamba amekanyaga mwiba, kwamba maji ni ya moto. Ikiumia, inanyamaza mahali inapotakiwa kusema, na inapiga kelele mahali ambapo hakuna kitu. Ndiyo maana anaungua bila moto, na moto wenyewe ukija hausikii.

"Imeumizwa na nini?"

"Na hicho kidonge cha kifua, mama. Kinaua vijidudu, lakini kinafukuza mwilini vitamini moja ambayo mishipa hiyo inaitegemea. Mtu anayekula maharage, karanga, ndizi, nyama, anairudisha. Wewe hukuwa na cha kurudisha. Na ulanzi ukishachacha ni pombe kama pombe nyingine, nao unaichoma mishipa hiyo hiyo. Hukuumizwa na kimoja. Vimekutana."

"Na kwa nini miguuni? Kwa nini si puani?"

"Inaanzia kwenye mishipa mirefu kuliko yote. Inayofika vidoleni."

Mama mkubwa aliitazama miguu yake. Nilijua anafikiri mianzi. "Mwanzi ukikosa maji," akasema, "unakauka ncha kwanza."

"Ndivyo."

"Kwa hiyo dawa yenu ndiyo inaniunguza."

"Ndiyo, mama."

"Niiache?"

"Ukiiacha sasa, miguu itashukuru na kifua kitakuzika. Meza mpaka mwisho. Nakuongezea kidonge kidogo cha ile vitamini, kila siku, usiruke. Na hiki cha jioni ni cha kupunguza maumivu, kitakuletea usingizi kidogo, usishangae mdomo kukauka. Ulanzi acha. Kula mboga ya karanga."

Mama mkubwa alicheka kicheko kibaya. "Mboga ya karanga," alirudia, akinitazama mimi. "Nimeirudisha jikoni masika nzima."

Jailos aliendelea. Miguu ikaguliwe kila jioni, chini na katikati ya vidole, kwa sababu haitasema yenyewe ikikatwa. Ipakwe mafuta isipasuke. Maji ya kuogea ayaonje mtu mwingine kwa mkono wake. Asikae karibu na mafiga. Avae viatu vya kufunga. Mama mkubwa alimuuliza kama atapona, na kijana yule hakumdanganya. Alisema mishipa ya fahamu inakua polepole sana, mingine inarudi, mingine hairudi, na kwamba moto utapungua kabla ganzi haijaisha. Mwisho mama mkubwa akamuuliza kama amewahi kuona dawa ya kuzikwa mlangoni inayofanya miguu hivi.

"Mimi sijaiona," alisema Jailos. "Niliyoiona ni hii yako, na si mara moja. Nikuandikie barua uwapelekee?"

"Barua ya nini? Wameshindwa kusoma miguu, watasoma karatasi?"

Tuliporudi, jambo la kwanza alipita jikoni kwa Tusajigwe, akakaa kwenye kigoda bila kualikwa, akasema, "Pakua." Tusajigwe alipakua. Mama mkubwa alikula maharage yote, akafuta sahani kwa kidole, akasema, "Nilikukosea, mwanangu. Nipe mengine." Mianzi kule juu ikaachwa ifunge vidonda vyake. Iliota mikubwa mno mwaka ule.

Nitasema sasa hivi alivyoishia, ili nisiulizwe baadaye. Hakupona kabisa. Mikono ilirudi, moto ulishuka kidogo kidogo mpaka ukabaki usumbufu wa jioni tu, lakini hadi kufa kwake alisema anatembea kama aliyevaa soksi nene, na hakuwahi tena kuhisi umande kwenye majani. Vidonge vya kifua alivimaliza. Alitembea mpaka uzeeni kwa viatu vya matairi vya kufunga nyuma, akitazama chini, na akikukuta umekaa umekunja uso kwa sababu ya kidonda kidogo, alikuwa anakuambia ushukuru kinauma.

Lakini siku ya kikao hayo yote yalikuwa mbele. Vidonge vipya alikuwa amevimeza wiki chache tu, na moto ulikuwa bado umeshika miguu yote miwili. Ilikuwa baada ya misa ya Pasaka, uwanjani kwa mzee Kalinga. Kasian alikuja kutoka relini, akakaa ameinamisha kichwa, kijana mwenye mikono ya kubeba reli anaogopa shangazi yake. Balozi wa nyumba kumi alikuja kukaa kama shahidi. Tusajigwe alikuwa ndani na mtoto, maana mzee Kalinga alikuwa uwanjani na yeye hawezi kutoka. Hata hilo walilihesabu juu yake.

Matilda alisema yake yote, na aliyasema vizuri. Mlango. Ufagio. Kujificha. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaomba binti arudishwe kwao kwa heshima, bila kupigwa, mtoto abaki.

Mama mkubwa alisimama akiegemea ukuta. Akawaeleza kidonge, karanga, ulanzi. Akawaeleza jinsi moto ulivyopanda alipoacha kula kwa Tusajigwe. "Wifi, umesema kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Kilikuwa kwenye kopo langu mwenyewe."

Wengine waliguna. Mmoja alisema hata yeye anakunywa ulanzi na miguu yake mizima, na mama mkubwa akamwuliza kama anameza vidonge vya kifua. Lakini Matilda alitikisa kichwa. "Mchawi ana akili, wifi. Hata hayo maneno ya hospitali anaweza kukutilia kinywani. Na bado unaumwa. Mbona unaumwa?"

Niliona vichwa vikiitikia. Niliona na Kasian akimtazama Matilda kama anayesubiri kuambiwa afanye nini. Nikajua tumeshindwa, kwa kuwa watu walishafanya uamuzi wao kabla ya kuja.

Mama mkubwa alikaa kwenye kigoda. Akavua viatu. Akaita kwa sauti, "Tusajigwe, leta mafuta."

Kutoka ndani ikaja sauti ndogo, "Mama, siwezi kutoka. Yupo."

Watu wakatazamana, na Matilda akanyanyua mikono kama aliyeshinda. Mama mkubwa alimgeukia mumewe.

"Baba Kasian, geuza kigoda uangalie ukuta."

"Mimi?"

"Kwao mkwe hamwoni baba wa mume wake. Anakuheshimu wewe, masika nzima anakuheshimu wewe, na kwa heshima hiyo wanataka kumnyang'anya mtoto. Geuka."

Sikutegemea. Nasema kweli, sikutegemea kabisa. Mzee Kalinga, aliyekuwa hajawahi kusimamia lolote, alisimama, akainua kigoda chake, akakiweka mbele ya ukuta wa udongo, akakaa, akatupa mgongo sisi wote pamoja na balozi. Kasian aliinua kichwa.

Tusajigwe akatoka. Alikuwa amejifunika kitenge upande mmoja wa uso, mtoto mgongoni, bakuli la mafuta mkononi. Akapiga magoti mbele ya mama mkubwa. Mama mkubwa akanyanyua miguu yake miwili, ile ambayo shuka tu lilikuwa linamrusha, akaiweka mapajani kwa yule binti.

"Huu mkono ndio mnaosema umenitega," akasema. "Haya, angalieni unavyofanya kazi."

Tusajigwe alichovya vidole akaanza kisigino, penye kovu la moto, akaenda unyayo. Mimi nilikuwa karibu. Niliona mshipa wa shingo ya mama mkubwa ukisimama, niliona kucha zake zikiingia kwenye mbao za kigoda. Uso wake haukusema kitu. Aliwatazama mmoja mmoja, balozi, wazee, Kasian, na kwa Matilda macho yake yakatulia kabisa. Mtoto mgongoni alipitisha mkono kwapani mwa mama yake akamshika bibi yake kidole cha mguu, na hilo nalo alilivumilia.

Kasian aliondoka alipokuwa, akaja akakaa chini vumbini kando ya mke wake.

Tusajigwe alihisi miguu ile inavyotetemeka mikononi mwake. Akainama akanong'ona, "Mama, unaumia. Niache?"

"Kandamiza, mwanangu," mama mkubwa alisema, macho bado kwa Matilda. "Bado hawajaona."